Maendeleo Amekula Kiapo

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Wapo waliowahi kuitafuta, na baadaye wakagundua kwamba walikuwa wanalipa kodi humo humo. Mimi nasema tu niliyoyasikia, na machache niliyoyaona. Sina ubaya na mtu. Kama kuna mkubwa atakayejiona humu, ajue ni kioo cha tangi la samaki kilichomrudishia sura yake, si mimi.

Nchi hiyo iliongozwa na Mlezi Mkuu wa Taifa. Hapo awali alikuwa Rais, kama marais wengine, lakini cheo hicho kilikuwa na kasoro ndogo: katiba ilisema Rais ana mwisho wa muda wake. Mlezi hana. Nani amewahi kusikia mama akiambiwa muda wake wa kulea umekwisha? Bunge likapiga makofi, neno likabadilishwa, na mtu akabaki yule yule.

Katika sherehe za kuzindua ulezi, nchi rafiki zilileta zawadi. Zililetwa saa, zulia, na picha ya Mlezi Mkuu iliyochorwa na mtu ambaye ni wazi hakuwahi kumwona. Balozi wa nchi moja ya mbali, yenye mito mikubwa, alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa maji. Ndani yake mlikuwa na kifaranga cha samaki, mwembamba, urefu wa kidole, mdomo wake mrefu kama mkasi uliofungwa.

"Mheshimiwa," balozi alisema, "kwetu huyu ni mfalme wa mto. Mlee vizuri. Watu husema hukua kulingana na tangi lake."

Wafugaji wa samaki wanajua kwamba watu husema mengi. Samaki wa namna ile hukua alivyokusudiwa kukua. Ukimbana kwenye tangi dogo hawi mdogo, huwa kilema. Lakini Mlezi Mkuu alikuwa amesikia neno moja tu.

"Kwa hiyo nikimpa tangi kubwa, atakuwa mkubwa?"

"Ndivyo wasemavyo," balozi akajibu huku akitabasamu, kwa sababu ndege yake ilikuwa inaondoka jioni ile ile.

Mlezi Mkuu akamgeukia Waziri wa Ukuaji, Mheshimiwa Daktari Anselimu Bwakila, msomi mwenye shahada ya uzamivu kutoka chuo alichokianzisha mwenyewe. "Bwakila, umesikia? Kumbe siri yote ya kukua ni chombo!"

"Nimesikia, Mzee, na mwili wote unanisisimka."

Samaki akapewa jina la Maendeleo.

Jina hilo lilizua tatizo ambalo nchi zisizo na lugha yetu haziwezi kulipata hata zikijitahidi. Asubuhi ya kwanza mtangazaji wa redio ya taifa alisema, "Maendeleo yamekula dagaa," na mhariri wake akamkatiza hewani: "Amekula! Samaki yule, ana roho!" Mtangazaji akajibu kwamba tangu azaliwe hajasikia mtu akisema maendeleo amefika. Wakabishana mpaka muda wa taarifa ya habari ukaisha. Baraza la Lugha likaitisha kikao cha dharura, likakaa siku nyingi kwa posho nzuri, na likatoa mwongozo: Maendeleo aliyemo ndani ya tangi ni "a", maendeleo yaliyo nje ya tangi ni "ya". Wananchi wakauliza hayo ya nje yako wapi, ili waanze kuifanyia mazoezi sarufi yenyewe. Baraza likajibu kwamba hilo si swali la lugha.

*

Tangi la kwanza liliwekwa sebuleni katika Kasri. Ili Maendeleo asiwe mpweke, kila waziri aliagizwa alete samaki mmoja wa kuiwakilisha wizara yake. Waziri wa Fedha alileta samaki wa rangi ya dhahabu. Waziri wa Ulinzi alileta kambare mwenye sharubu. Waziri wa Afya alileta samaki anayeogelea kwa ubavu, akasema ndiye aliyepatikana. Mlezi Mkuu akatoa hotuba kuhusu umoja mbele ya tangi, na mabango yakatundikwa mji mzima: TANGI MOJA, MAJI YALE YALE, LENGO MOJA.

Yeyote aliyewahi kufuga samaki wawindaji angewaambia kwamba samaki hao hawajui wizara. Kinachoenea mdomoni ni chakula, na kisichoenea leo kitaenea mwezi ujao. Lakini walioulizwa ushauri walikuwa wataalamu wa itifaki.

Wa kwanza kuliwa alikuwa Utamaduni. Mlezi Mkuu alilitazama tangi kwa muda mrefu, akasema, "Maendeleo amemkataa," na Waziri wa Utamaduni alipofika ofisini alikuta kufuli jipya mlangoni. Tangu hapo huo ukawa ndio utaratibu: samaki akiliwa, waziri anakwenda na maji. Magazeti yaliripoti kwa uaminifu. MAENDELEO AMEMEZA ELIMU. Wiki iliyofuata, MAENDELEO AMEMEZA AFYA. Wasomaji wa nchi jirani walidhani ni maoni ya mhariri.

Mawaziri waliobaki hawakulala. Waziri wa Fedha alianza kumlisha samaki wake kwa siri ili anenepe asienee mdomoni. Alinenepa kweli, na akaliwa kwa furaha kubwa zaidi. Kambare wa Ulinzi alijificha nyuma ya pampu ya hewa, kitendo ambacho wizara ilikieleza kuwa ni mbinu za kivita, lakini naye siku moja alitoka kutafuta chakula na hakurudi.

Aliyenusurika ni Bwakila peke yake. Yeye hakuleta samaki. Alileta konokono, akaeleza kwamba anaiwakilisha kasi ya mipango, na konokono akaingia ndani ya gamba lake akafunga mlango.

*

Sasa Maendeleo alikuwa amefikia urefu wa mkono wa mtu mzima, na Bwakila akagundua kitu ambacho wachumi wote wa dunia walikuwa wamekipita bila kukiona. Kama samaki ni Maendeleo, na Maendeleo anapimika kwa futi kamba, kuna haja gani ya kuhesabu magunia ya mahindi? Mwaka ule nchi ilitangaza ukuaji mkubwa kuliko nchi zote za ukanda, kuanzia puani hadi mkiani.

Tangi nalo likapanuliwa. Lilipanuliwa kwa sababu samaki amekua, na samaki akatarajiwa kukua kwa sababu tangi limepanuliwa, na mpango huo ukapewa jina la Mzunguko wa Neema. Ukuta wa sebule ukavunjwa. Kisha chumba cha mikutano kikamezwa. Kisha Ofisi ya Malalamiko ya Wananchi, iliyokuwa na nafasi tele, kwa kuwa hakuna lalamiko lililowahi kuvuka geti.

Tatizo lilikuwa maji. Anayekula sana huchafua sana, na samaki huyu alikula kama msafara wa kampeni. Kila wiki ilibidi theluthi ya maji ya tangi imwagwe na mapya yaingizwe, la sivyo uchafu wake mwenyewe ungemuunguza. Wahandisi wakafungua ramani ya mabomba ya mji, wakaona bomba moja refu linapanda kwenda Mtaa wa Kilimakavu. Wakatafuta pia ni waziri gani anaishi Kilimakavu, wakakuta hakuna. Bomba likageuzwa.

Huko Kilimakavu ndiko alikokuwa anaishi Bi Mwanakheri Shomvi, mama lishe aliyesifika kwa maharage ya nazi na kwa mdomo usio na breki. Wiki ile bomba lilipogeuzwa, binti yake alijifungua. Mtoto alitoka salama, ana mapafu ya kupigia kelele, na nyumba nzima haikuwa na tone la maji. Wakamwosha kwa madafu ya kununua. Majirani walisema mtoto aliyeoshwa kwa madafu huwa na ngozi nyororo na bahati nzuri. Bi Mwanakheri hakucheka. Alikwenda jikoni akageukia ukuta, akalia kwa uchungu, kisha akajifunga kanga kiunoni na kushuka mjini hadi Kasri.

Kwa kuwa Ofisi ya Malalamiko ilikuwa imejaa maji, Bwakila alimpokea mbele ya tangi. Maendeleo alikuwa anapita polepole nyuma ya kioo, na kila alipopanda juu kuvuta hewa alitoa mlio kama mzee anayekohoa, na maofisa wote wakasimama.

"Karibu, mama," Waziri alisema. "Umekuja kuyaona maji yenu?"

"Nimeshayaona. Sasa nataka kuyaoga."

"Mama yangu, elewa. Maji haya hayakuchukuliwa. Yamepandishwa cheo."

"Hewaa. Basi yale machafu mnayomwaga kila wiki, tupeni sisi. Tutayachemsha."

Bwakila alishtuka. "Maji aliyoishi humo Maendeleo? Mbele yake husemwa mambo ya Baraza la Mawaziri. Yale maji ni siri ya serikali!" Akamwagiza msaidizi amletee mama soda, kisha akamfafanulia kwa upole. "Sheria iko wazi. Maji ya uhakika ni stahili ya mtumishi aliyekula kiapo. Popote atakapoishi, bomba linamfuata. Je, wewe umekula kiapo?"

"Baba, mimi sijala hata cha mchana."

"Unaona sasa!"

Bi Mwanakheri aliweka soda chini. Akamtazama samaki, samaki naye akamtazama.

"Na huyu je?" akauliza. "Huyu amekula kiapo?"

Bwakila akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kwa muda kidogo ilikuwa vigumu kujua ni nani kati yao aliye ndani ya maji.

*

Swali hilo liliwakosesha watu usingizi. Sheria ya nchi ile ilisema, "Hakuna atakayekula cha serikali kabla ya kula kiapo," na mpangilio huo wa kula ulikuwa umezingatiwa na viongozi wote bila kukosea, kiapo kwanza na mengine baadaye. Sasa ikaonekana kwamba Maendeleo alikuwa amekula kuku wa serikali, maini ya serikali na Baraza la Mawaziri karibu lote, na kiapo hakijapita kooni.

Mwanasheria wa serikali akaitwa. Tatizo, alieleza, ni kwamba samaki hawezi kuinua mkono wala kutamka maneno. Akaomba muda asome sheria yenyewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee, sheria haisemi kutamka kiapo. Wala haisemi kuapa. Inasema kula."



"Lakini sisi sote," Bwakila akaanza kwa sauti ndogo, "sisi tulitamka tu..."

"Hilo tusiliguse," Mlezi Mkuu akasema.

Ikapangwa sherehe. Kiapo kilichapwa kwenye karatasi nzito, yenye nembo ya taifa: "Nitakuwa mwaminifu, na nitajitoa kwa wananchi wote bila ubaguzi." Mazoezi yalipofanywa, Maendeleo aliiangalia karatasi ikielea, akaipa mgongo. Samaki mwindaji hali kitu kisichotikisika. Kiapo kikaviringishwa, kikatiwa tumboni mwa sato mbichi, na ikaamuliwa kwamba sato huyo atashikwa mkia na kuchezeshwa juu ya maji.

Nani atamshika? Itifaki haikuwa na shaka. Anayeapisha ni Mlezi Mkuu, kwa mkono wake wa kulia, akiwa amevaa glavu nyeupe.

Siku hiyo bendi ya polisi ilipiga, mabalozi walikaa, na televisheni ya taifa ilionyesha moja kwa moja. Mlezi Mkuu akapanda ngazi, akaning'iniza sato, akaanza kusema, "Kwa mamlaka niliyopewa na wananchi..." Maji yakapasuka. Maendeleo alikula kiapo, akala sato, akala glavu, na akaonja kidole gumba cha Mlezi Mkuu, kile kile cha kutilia saini.

"Na sasa amekula," mtangazaji alisema bila kuyumba, huku bendi ikiwa imeongeza sauti ili kufunika yowe. "Naam, wananchi. Amekula kiapo kwa moyo mkunjufu."

*

Kidole kilifungwa bendeji kubwa kama kifuu. Kwa muda wote huo hakuna amri mpya iliyosainiwa, na wapo waliosema ndicho kipindi nchi ilipoendeshwa vizuri kuliko vyote. Mimi sikusema.

Mlezi Mkuu alitaka samaki apikwe supu. Bwakila akapiga goti kando ya kitanda.

"Mzee, haiwezekani. Jana ingewezekana apikwe. Leo ameshakula kiapo."

Alikuwa na haki ya kusita. Katika nchi ile mtumishi aliyekula kiapo hakufungwa, hakufukuzwa, wala hakuulizwa kitu. Akiiba, alihamishwa. Akiua, alihamishwa mbali. Hiyo ilikuwa ndiyo adhabu pekee iliyokuwa inatekelezwa, na ilitekelezwa kwa ukali sana.

"Basi ahamishwe," Mlezi Mkuu akanguruma. "Mahali pabaya kuliko pote. Pasipo na barabara, pasipo na umeme, pasipo na maji!"

"Kilimakavu, Mzee."

"Akakome huko!"

Bwakila akausoma uhamisho kwa sauti mbele ya tangi, akataja nyumba ya mtumishi, akataja posho ya mazingira magumu. Maendeleo akapanda juu, akakohoa, na hilo likapokewa kama kukubali.

Mhandisi mmoja tu ndiye aliyeinua mkono. "Na bomba je? Si sheria inasema linamfuata?"

Watu wakatazamana. Kulikuwa na njia moja ya kulizuia bomba, nayo ni mtu kwenda kumweleza Mlezi Mkuu kwamba adhabu yake inawapelekea watu maji. Hakuna aliyejitolea. Bomba likageuzwa tena.

*

Maendeleo alifika Kilimakavu juu ya lori, ndani ya tangi lake la kioo, akisindikizwa na pikipiki za polisi. Aliwekwa kwenye kiwanja cha gulio, chini ya paa la mabati. Bi Mwanakheri hakwenda kumwona samaki. Alikwenda kwenye bomba, akaweka sikio lake pale, na akabaki ameinama mpaka aliposikia maji yanakuja. Alipiga kigelegele kimoja kikaitikiwa na mtaa mzima. Mjukuu wake alioshwa siku hiyo mara nyingi kupita kiasi, mpaka mama yake akamnyang'anya.

Kisheria maji yalikuwa ya Mheshimiwa. Lakini tangi likijaa hufurika, na theluthi ya kila wiki lazima imwagwe, na sheria haikusema imwagwe ndani ya nini. Ikamwagwa ndani ya ndoo.

Watu walimpenda, nasema kweli. Walimletea utumbo wa kuku, vichwa vya samaki, panya waliokamatwa stoo. Kwa mara ya kwanza walikuwa na kiongozi wanayemwona kila siku, na anayekula mbele yao bila kujificha. Jioni wazee walikuja kumsalimia, na alipokohoa walisema, "Pole, Mheshimiwa."

Kitu kimoja kilikosekana: kifuniko. Samaki wa aina yake huruka, na tangi lao lisipofunikwa ni suala la muda tu. Kifuniko kilikuwa kimeahidiwa na serikali, kikaingizwa kwenye zabuni, zabuni ikarudiwa, mshindi akakata rufaa dhidi ya ushindi wake mwenyewe kwa sababu bei aliyoitaja ilikuwa ndogo. Asubuhi moja wachota maji wa kwanza walimkuta Maendeleo mchangani, kando ya tangi, amekauka macho.

Mtaa ulisikitika. Bi Mwanakheri alimfunika kwa kanga. Kisha mtu mmoja akasema inabidi taarifa ipelekwe mjini.

"Ipelekwe na nani?" Bi Mwanakheri akauliza. "Mkishasema amekufa, bomba linarudi lilikotoka. Mimi kwenye madafu sirudi."

"Lakini Bi Mwanakheri, tutamficha wapi mtu mkubwa hivi?"

Alikuwa samaki mkubwa kweli, urefu wa kitanda, na jua lilikuwa linapanda. Kumzika haikuwezekana, maana kaburi la kiongozi lilihitaji kibali na wimbo wa taifa. Bi Mwanakheri aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaagiza nazi.

Walipika kwenye masufuria ya harusi. Kila nyumba ilipata, wenye dini hii na ile, waliompigia kura Mlezi Mkuu na waliopigiwa kura yao. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, maendeleo yaliwafikia wananchi wote, na Baraza la Lugha halikuwepo kusema kama ni "a" au "ya". Mimi nilipata kipande cha karibu na pezi. Nyama yake ilikuwa nzuri, ila ina miba.

Maji ya tangi yakaachwa yawe ya kijani mpaka usione kitu ndani, na kila mwezi mjumbe wa mtaa alipeleka taarifa mjini yenye neno moja: anakua.

*

Kosa lao lilikuwa bidii. Walitaka kuifurahisha serikali, na serikali ikafurahi. Bwakila alitangaza ukuaji baada ya ukuaji, mpaka siku moja mtu fulani akapiga hesabu akaona kwamba Maendeleo, kwa mujibu wa takwimu rasmi, alikuwa mrefu kuliko tangi lake. Ikaamuliwa atumwe mkaguzi. Kilimakavu wakapata habari, na hakuna aliyekula vizuri wiki ile. Kupoteza bomba lilikuwa jambo la kwanza. La pili ni kwamba kumla mtumishi wa umma aliyeapishwa hakukuwa na adhabu iliyowahi kuandikwa, na walijua serikali ikikuta nafasi tupu kwenye sheria huijaza kwa mkono mzito.

Mkaguzi Mkuu wa Ukuaji aliitwa Bwana Pontiani Lukelo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye suti na uso wa uchovu. Alishuka kwenye gari na kipimo chake, akalizunguka tangi. Mtaa mzima ulisimama mbali. Bi Mwanakheri peke yake ndiye aliyesogea.

"Shikamoo, mama. Yuko wapi?"

"Marahaba, baba. Yuko chini. Siku hizi amekuwa mzito."

"Simwoni."

"Anakuona yeye."

Bwana Lukelo akachovya kipimo, akakoroga. Kipimo kikagonga kioo upande huu, kikagonga upande ule. Akakitoa, akakifuta, akakiweka chini. Kisha akavua koti, akakunja shati mpaka begani, akauingiza mkono wake wote ndani ya yale maji ya kijani na kuanza kupapasa polepole kutoka kona hadi kona.

Nchi nzima ilikuwa imekiona kidole cha Mlezi Mkuu. Hakuna mwenye akili timamu anayetia mkono kwenye tangi la mnyama yule. Kwa hiyo watu wote walioona mkono ule ukiingia walijua kwamba Mkaguzi anajua, na mama mmoja akaanza kulia kwa sauti ya chini.

Lukelo akautoa mkono. Alilisogelea bomba, akalifungua, akainama akanawa mkono, akanawa uso, akanawa shingo, akaendelea kunawa pale ambapo mtu mwingine angekuwa ameshamaliza.

"Naomba ya kunywa, mama."

Bi Mwanakheri akampa kata. Akanywa yote, akaomba nyingine, akanywa. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akauliza bila kumtazama:

"Mlimla?"

Bi Mwanakheri alifikiria kusema uongo, akaona haya mbele ya mtu aliyekuwa na kiu namna ile. "Tulimla, baba. Alikuwa amekufa mwenyewe. Na tulimla wote."

"Alikuwa mtamu?"

"Alihitaji ndimu."

Mkaguzi akatikisa kichwa taratibu. Akaangalia huku na huku kuhakikisha dereva wake yuko mbali.

"Mimi ni mwajiriwa tu, kiapo sijala, ingawa naishi nyuma ya wizara yenyewe, mama. Ukitema mate dirishani kwa Waziri yanaangukia kwetu. Bomba hatujaliona likitoa kitu tangu wanangu waanze shule. Mke wangu anaoga kwa kitambaa. Hili shati," akalivuta kidogo kifuani, "nalivaa leo siku ya nne."

"Pole, mwanangu."

"Sheria inaruhusu mtumishi aliyeapishwa kufungua ofisi ndogo mtaa mwingine, na bomba likaifuata. Nimeisoma mwenyewe. Haisemi ofisi hiyo iwe na kiungo gani chake." "Mmebakiza chochote? Hata gamba?"

Bi Mwanakheri akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na gamba moja kubwa kama kisahani cha kikombe, amelifunga kwenye gazeti lenye picha ya Bwakila akitabasamu.

"Tangi lako liweke kivulini," akamwambia, "na maji uyaache yawe ya kijani kwanza."

Lukelo akalificha chini ya koti, akasimama, akafika mlangoni mwa gari, kisha akageuka nyuma na wasiwasi wote wa mji ule usoni.

"Na wakija kupima, mama?"

"Waambie anakua."